Kurasa Nilizompa Bi Somoe

Kosa langu kubwa la mwanzo kazini lilitokana na kupenda usafi. Nilikuwa na madaftari mawili, moja la rafu na moja safi. Vipimo vyote niliviandika kwanza kwenye rafu, halafu vile vilivyokaa vizuri nikavinakili kwenye daftari safi kwa kalamu ya bluu, mistari imenyooka kwa rula. Vilivyobaki nilivichana. Ndivyo tulivyozoezwa shuleni kwetu Rutamba: mwalimu alikagua daftari safi tu, na mwenye kufutafuta aliinuliwa mbele ya wenzake. Niliibeba tabia hiyo mpaka kwenye maabara ya mwanga hapa Lindi bila kujiuliza, na aliyeumia si mimi.

Nimeacha kazi nikiwa na miaka thelathini na tisa. Najua kuita hali hii kustaafu kunachekesha, hata shemeji yangu ananiita mzee wa pensheni kila tukikutana. Lakini mikono yangu imeanza kutetemeka, na daktari amesema haitarudi ilivyokuwa. Fundi wa vioo mwenye mikono inayotetemeka ni kama dereva asiyeona. Basi nawaandikia ninyi vijana mnaoingia sasa, ambao baadhi yenu mmenikuta miezi miwili tu na mkadhani nilizaliwa nikijua kazi.

Sikuijua. Sikusomea fizikia popote baada ya kidato cha nne. Nilijifunza kwa kufungua mashine za DVD zilizoharibika, kutoa kile kijicho chenye leza na kukichunguza mpaka nikaelewa kwa nini kinasoma sahani. Nilipakua vitabu kwenye simu na kuvisoma na kamusi pembeni, ukurasa mmoja kwa siku tatu. Mtu aliyejifundisha mwenyewe hajui ni kitu gani hajakijua, kwa hiyo anaogopa kila kitu. Nilikuwa nafunga mlango wa kibanda changu cha ufundi, natembea hatua ishirini, narudi kuuangalia.

Maabara ilinipata kwa sababu pampu ya maji ya kupozea leza ilikufa, na mtu akawaambia yuko kijana mjini anayefungua vitu bila kuvipoteza. Leza yenyewe ilikuwa msaada wa chuo fulani cha nje kilichonunua mpya. Ilikuja na kompyuta yake, na kompyuta ilikataa kuwaka tangu wiki ya pili, ndiyo maana miaka yangu yote ya mwanzo tulisoma namba kwa macho na kuziandika kwa mkono. Nilitengeneza pampu kwa siku moja na nusu. Siku ya tatu niliambiwa nirudi, safari hii kama fundi wa maabara.

Aliyenipokea ni Mwalimu Frido, Mkatoliki wa huko milimani, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, aliyekaa miaka mingi kwenye maabara za nje kabla ya kurudi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia nihesabu vioo vyote vilivyoko juu ya meza bila kugusa chochote. Vilikuwa vidogo, kila kimoja kwenye kishikio chake chenye skrubu mbili, vimetapakaa kama maduka ya mnada. Nikapata arobaini na kimoja. Akasema nihesabu tena. Nikapata arobaini na kimoja. Mara ya nne jasho lilikuwa linanitoka, nikamuuliza jibu sahihi ni ngapi.

"Hata mimi sijui," akasema. "Nilitaka nione kama unaweza kuizunguka meza bila kuigusa."

Kazi yetu naieleza kwa ufupi, maana mama yangu nimemweleza mara nyingi na bado anawaambia majirani kwamba nilikuwa natengeneza tochi. Tulikuwa na fuwele nyeusi, nyembamba kuliko ukucha, za aina ya semikondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme kwa masharti, kama vile vipande vilivyo ndani ya simu yako. Fuwele zetu zilikuwa na jambo la ziada: zikipozwa sana, zinakuwa na sumaku ndani yake. Chukulia kila atomi ni sindano ndogo ya dira. Ukizipiga sindano hizo kwa mwale wa leza unaodumu muda mfupi mno, zinashtuka na kuanza kuyumba.

Swali letu lilikuwa moja. Je, mwanga wenyewe ndio unaozisukuma sindano, au unaipasha tu fuwele joto na joto ndilo linalozitikisa? Joto linatikisa kila kitu, hilo si jambo jipya. Lakini mwanga ukiweza kuishika sumaku wenyewe, siku moja mtu ataandika kumbukumbu kwenye kipande kidogo kama hicho kwa kasi ambayo kompyuta za leo haziikaribii.

Njia ya kujua ni hii. Mwanga unaweza kusokotwa, kulia au kushoto, kama kamba. Mwanga ukiwa ndio unaosukuma, ukibadilisha msokoto sindano zitaanza kuyumba upande wa pili. Ukichora mistari miwili kwenye karatasi, kilima cha mstari wa kulia kitakaa juu ya bonde la mstari wa kushoto. Ikiwa ni joto, mistari miwili itafanana, kwa sababu joto halijui kulia wala kushoto.

Muda tuliopima ulikuwa mfupi kiasi kwamba hakuna saa inayouweza. Tuliupima kwa umbali. Mwale wa kwanza unaipiga fuwele, wa pili unakuja nyuma yake kuangalia kilichotokea, na tunauchelewesha huo wa pili kwa kuuzungusha kwenye kioo kinachotembea juu ya reli. Ukikirudisha kioo nyuma kwa unene wa unywele, umeuchelewesha mwanga kwa nusu ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Mwalimu Frido alinifundisha kulizungusha gurudumu la reli hiyo kwa kidole kimoja huku nimebana pumzi. Alinifundisha pia kuutafuta mwale kwa kadi nyeupe, naye alitumia kadi za harusi, upande wa nyuma. Mpaka leo nikialikwa harusi naangalia kwanza karatasi ya kadi.

Adui wetu alikuwa unyevu wa bahari. Vioo vinashika ukungu usiouona, na mwale mkali ukigonga hapo unaacha doa lisilotoka. Nilizunguka kwa wauza viatu kuomba vile vipakiti vyenye punje za kufyonza maji, nikavipanga kila pembe ya meza. Ubaridi tuliutegemea kwa watu wa uhimilishaji wa ng'ombe, ambao husafirisha mbegu za madume ndani ya naitrojeni ya maji, yaani gesi iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, nao walitujazia mtungi wetu walipopita. Dereva wao alikuwa anasimama mlangoni na kutangaza kwamba ametuletea baridi tu, madume ameyaacha Nachingwea.

Mwaka wangu wa tatu alikuja Zuhura. Alikuwa binti wa Miteja, mwanafunzi wa shahada ya pili kwenye chuo kikuu kimoja huko Dar es Salaam, amekuja kwetu kufanya vipimo vyake. Kichwani alikuwa mwepesi kuliko sisi wote, ila mikono yake haikuwa na subira. Mimi nilikuwa kinyume chake. Aliniita Kaka Bakari na kunitania tangu siku ya kwanza. "Kaka Bakari, hicho kioo ukikifuta tena kitaisha." Nami nilimwambia watu wa Miteja wanavyokaza skrubu ni kama wanafunga mbuzi. Tulielewana.

Zuhura alikuwa ameahidiwa nafasi ya kusoma shahada ya udaktari nje ya nchi. Sharti lilikuwa apeleke matokeo yanayoonyesha kwamba fuwele yetu inaitikia msokoto wa mwanga. Bila hayo nafasi ingekwenda kwa mwingine. Kwao hakuna aliyewahi kufika hata chuo. Mambo haya aliyasema mara moja tu, tukinywa chai, na hakuyarudia.

Mwezi wa pili wa vipimo bibi yake alifariki, na ilipokaribia arobaini akaenda kwao kwa siku tisa. Aliniachia meza. Akasema, "Nikirudi nataka nikute mistari." Alimaanisha nisilale. Mimi nilisikia agizo la kumpatia mistari anayoitaka.

Kila mstari ulikuwa na hatua sitini za kioo, na kila hatua nilisubiri sindano ya kipimo itulie ndipo niandike. Jozi moja, kulia na kushoto, ilichukua karibu saa tatu. Katika siku hizo tisa nilipata jozi ishirini na sita. Tisa kati yake zilikuwa nzuri mno, kilima juu ya bonde kama zimechorwa na fundi ramani. Kumi na saba zilikuwa ovyo. Baadhi mistari ilifanana kabisa, baadhi haikueleweka. Nami kwa kila jozi mbaya nilikuwa na sababu. Lori la saruji lilipita. Umeme ulikuwa unacheza. Nilipumua karibu na fuwele. Siku ile kulikuwa na unyevu. Sababu zote hizo zilikuwa za kweli. Tatizo ni kwamba kilichokataa nilikitafutia sababu, na kilichokubali sikukitafutia. Lori lilipita pia wakati wa jozi nzuri.

Nilinakili zile tisa kwenye daftari safi. Zile kumi na saba nilizichana kwenye rafu, nikaenda kumpa Bi Somoe, mama wa makamo aliyekuwa akiuza korosho za kukaanga getini kwetu. Karatasi za madaftari ndizo alizokunjia pembe za kutilia korosho, na wafanyakazi wengi tulimpelekea zetu. Nilirudi mezani nikiwa mwepesi, kama mtu aliyemaliza kufagia uwanja. Nataka muamini kwamba sikudhani nimefanya udanganyifu. Ndilo linalonitisha mpaka leo.

Zuhura aliporudi alisimama na daftari lile mkononi muda mrefu. Alilia kidogo, akacheka, akaenda kumpigia msimamizi wake. Jioni hiyo alitununulia korosho watu wote wa maabara.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumanne, Mwalimu Frido aliingia akiwa na karatasi iliyokunjuliwa, yenye madoa ya mafuta. Aliiweka mezani, mbali na vioo.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu, Mwalimu."

"Hapa kulia na kushoto zinafanana."

"Siku hiyo umeme ulikuwa unacheza."

"Uliandika kwamba umeme unacheza?"

Sikuwa nimeandika.

"Ziko ngapi za namna hii?"

Nilimtajia kumi na saba. Hakupandisha sauti. Alitazama daftari safi, akahesabu tisa kwa kidole, akalifunga taratibu. Akaniambia kwamba Ijumaa msimamizi wa Zuhura angetuma matokeo kule nje. "Mwambie wewe," akasema. "Mimi sitamwambia. Ukishindwa, Ijumaa asubuhi nitapiga simu kusimamisha, na hapo atajua kwa njia mbaya zaidi."

Nilikaa na jambo hilo Jumanne, Jumatano na nusu ya Alhamisi. Nilisafisha vioo visivyohitaji kusafishwa. Niliandaa maneno, nikayapanga upya, nikayapunguza mpaka yakawa yananitetea tena, nikayatupa. Zuhura aliniuliza kama naumwa malaria. Alhamisi baada ya swala ya adhuhuri nilimkuta anafunga skrubu, nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama, haraka haraka, mpaka idadi.

Hakunifokea. Aliuliza kurasa ziko wapi.

"Kwa Bi Somoe."

Tulitembea mpaka getini. Bi Somoe alikuwa anageuza korosho kwenye sufuria. Nilipomweleza tunachotaka alitutazama kama watoto. "Wanangu, mnipe karatasi wenyewe, halafu mje kunidai? Na korosho hamnunui?" Alipekua rundo lake, akatoa karatasi nne zilizobaki. Nyingine, alisema, zimekwenda na abiria wa basi la Nyangamara. Zuhura alizipokea kwa mikono miwili na kumshukuru.

Alizisoma palepale, amesimama juani. Karatasi mbili mistari ilifanana. Moja ilipinduka kinyume na tulivyotarajia. Ya nne haikusomeka kwa mafuta.

"Kaka Bakari," akasema, "ungeniletea takataka zote ishirini na sita, ningekasirika wiki moja. Basi."

Alimpigia msimamizi wake pale pale mbele yangu. Nilitegemea anitaje, na nilikuwa tayari. Kwa kweli nilitamani anitaje. Alisema, "Vipimo havijakamilika, tunaomba yasitumwe. Kosa ni letu." Sikusikia msimamizi alijibu nini. Nilimwona tu akitikisa kichwa mara kadhaa, kama vile yule mtu wa upande wa pili anamwona.

Tulirudia vipimo vyote upya kwa wiki saba. Safari hii tulikaa wawili, mmoja anazungusha reli, mwingine anaandika, na pembeni ya kila namba tuliandika na lori, na umeme, na nani amekohoa. Mwalimu Frido alitukataza kuchora mistari yoyote mpaka jozi arobaini zitimie. Watu wa uhimilishaji walitujazia mtungi mara mbili, na mara ya pili dereva hakututania. Labda alituona nyuso. Siku ya kuchora, Zuhura alikusanya jozi zote arobaini na kutafuta wastani wake. Mstari wa kulia na mstari wa kushoto ilikaa sawasawa mmoja juu ya mwingine. Tulipunguza nguvu ya mwanga ili joto lishuke, na dalili yote ikazama kwenye kelele ya mashine, yaani kule kuyumba kwa namba kusikoisha, kabla hatujaona lolote. Zile jozi tisa nzuri zilikuwa bahati. Ukirusha sarafu mara za kutosha utapata mahali ilipoangukia upande mmoja mara tano mfululizo, na ukikata kipande hicho tu utaapa kwamba sarafu ina mchawi.

Zuhura aliandika hivyo hivyo kwenye tasnifu yake: kwa vifaa vyetu na fuwele zetu, hatukuweza kutenganisha kazi ya mwanga na kazi ya joto. Alifaulu, akiwa amechelewa mwaka mzima. Nafasi ya nje ilichukuliwa na mtu mwingine. Bado nawaza kwamba vipimo vya kweli vingempa jibu lile lile, kwa hiyo nafasi hiyo ingeweza kumpita hata bila mimi. Niliwahi kujifariji kwa wazo hilo. Halinisaidii sana, kwa sababu zile wiki mbili za furaha ya uongo nilizisababisha mimi, na mwaka ule uliopotea pia.

Tangu Alhamisi ile hakuniita tena Kaka Bakari. Aliniita Fundi. Adabu yake haikupungua hata siku moja, na aliniuliza hali ya mama kila Jumatatu. Nilijifunza kwamba mtu anaweza kukutendea vizuri na bado kitu fulani kikawa kimekwisha.

Miaka ilipita. Mwalimu Frido alistaafu akarudi kwao kulima mikorosho, naye Zuhura, baada ya kufundisha sekondari kwa muda na kumaliza udaktari wake hapa hapa nchini, aliletwa kuiongoza maabara yetu. Mimi nilibaki mezani. Tulifanya kazi pamoja miaka sita, na vitu vingi nilivyovitengeneza vizuri ni vya kipindi hicho. Reli mpya ile mnayoitumia tuliikata pamoja kutoka kwenye mashine ya kushonea. Jambo lile hatukuligusa.

Wiki yangu ya mwisho nilimuuliza kama naweza kuwaandikia ninyi habari hii, na jina lake nilitaje. Alikuwa anasoma karatasi, hakuinua uso mara moja.

"Andika, Fundi," akasema. "Ila usiandike ili usamehewe."

Nimejaribu. Pale ambapo nimejipendelea, mtamuuliza yeye.

Siku hizi hakuna fundi anayeachiwa meza peke yake wakati wa vipimo, na hakuna mwanafunzi anayemwambia fundi anataka kukuta nini. Mtu akija na matokeo mabaya Zuhura anamwambia akae, aanze tangu mwanzo, na hamkatizi. Nami nikiulizwa, iwe msibani au kwa kinyozi, kama kweli mwanga unaweza kuishika sumaku ya fuwele, najibu kwamba wengine mahali pengine wameonyesha unaweza, na sisi Lindi tulijaribu tukashindwa kuthibitisha. Nilipoanza kazi nisingeweza kuitamka sentensi hiyo.